Mwenyewe Nani?

Tope lilionekana kwanza kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Fundi cherehani akayamwaga maji, akaisugua ndoo, akakinga mengine bombani. Alipogeuka kuchukua kikombe, tope lilikuwa limerudi chini ya ndoo, na juu yake alama ya kiganja.

"Umetia mkono humu?" akamuuliza kitindamimba wake.

"Si mimi, mama. Ni huyu wangu."

"Wako nani?"

Mtoto akacheka. Pumzi yake ilinuka mto.

Fundi akakumbuka Jumamosi.

Siku hiyo kikundi chao cha kujitolea kilikuwa mtoni kuopoa taka. Walikuwa na mzaha wao wa kusahau uchovu: anayeopoa kioja hukiinua na kupaza sauti, "Mwenyewe nani?" na mwingine hujibu. Kiatu kimoja kilijibiwa "Changu hicho!" Meno ya bandia aliyajibia wifi yake, aliyekaa ukingoni akishika midomo ya magunia, maana mimba aliyomlilia Mungu miaka mingi ilikuwa imeshatokeza.

"Yangu hayo, wifi! Lete nikamng'ate mumeo, bahili yule!"

Watu wakashika mbavu.

Kisha fundi akaopoa chupa iliyozibwa kwa nta na kuzungushiwa uzi mweusi. Utaratibu wao ulikuwa kila chupa ifunguliwe, imwagwe, ibonyezwe, gunia lijae vizuri. Akaukata uzi kwa mkasi wake. Maji hayakutoka. Ilitoka pumzi ya moto.

"Mwenyewe nani?" akaita, kwa mazoea tu.

"Wangu!" bintiye huyo mdogo akajibu kutoka ukingoni.

Walimcheka. Chupa ni yangu, si wangu! Hakuna aliyejiuliza mtoto alikuwa akimtazama nani.

Sasa mtoto akaanza kukohoa. Ncha ya uzi mweusi ikachungulia mdomoni, na fundi, ambaye vidole vyake vimezoea nyuzi, akaushika akavuta, ukaja, akavuta tena, ukaja umelowa na unanuka kinamasi, akauzungushia mkononi huku mtoto akitoa macho bila kupumua, akavuta na kuvuta akiliita jina la Mola wake, mpaka huko ndani, tumboni mwa mwanawe, kitu kikaushika uzi ule na kuuvuta kurudi.

Bibi tabibu aliitwa mchana huohuo. Alisoma dua, akamnusa mtoto, akanong'ona:

"Amemkiri pepo huyu kwa mdomo wake. Hatoki mpaka mwingine amkubali. Muulizie mtoto, 'Mwenyewe nani?' kisha ujibu wewe."

"Atahamia kwangu?"

"Atahamia kwako. Huko nitapambana naye, wewe mtu mzima. Mtoto huyu hafiki jioni."

Fundi akafungua mdomo. Akautazama uzi. Akaufunga mdomo.

"Hakuna njia nyingine, bibi?"

"Wewe si mama yake? Unataka njia gani nyingine?"

"Hodi humu!" Wifi akaingia, tumbo mbele, mfuko wa machungwa mkononi. "Mgonjwa wetu vipi?"

Fundi akamnyanyua mtoto, akamwelekeza kwake.

"Mwenyewe nani?"

"We mama, koma!" tabibu akaruka.

"Wangu huyo!" wifi akajibu, mikono wazi. "Njoo kwa shangazi, mpenzi."

Mtoto akapiga chafya, akaomba chakula. Tabibu akafunga mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Hazikupita siku nyingi, wifi akaja kupimwa gauni la uzazi. Fundi alikuwa amekataa kumtoza.

"Anacheza huyu, wifi, hanipi usingizi! Ila nina kiu, maji ya bomba hayapiti kabisa. Natamani ya mto, we acha tu."

Fundi aliinamia pindo, pini mdomoni. Kitambaa kilinuka tope.

Wifi akalipapasa tumbo lake, akiimba kwa furaha, "Eti jamani, mwenyewe nani?"

"Wangu," ikajibu sauti kutoka chini ya kitambaa.

Wifi akamtazama fundi, tabasamu lingali usoni, akisubiri aambiwe kwamba ni mzaha.