Simu ya Baba Inajibu

Tusekile alikaa Uporoto, juu milimani, kwenye baridi na ukungu. Alikuwa na sweta jekundu, na alikuwa na sungura.

Sungura wake aliitwa Pamba. Alikuwa mweupe, na alitafuna kutwa nzima. Nyam, nyam, nyam.

Pamba alikuwa na watoto. Walikwisha kuacha kunyonya, wakahamia banda dogo, jirani na banda la mama yao.

Kazi ya Tusekile ilikuwa kuwalisha. Mama alimfundisha asiwape nyasi zilizolowa, maana sungura akizila huvimba tumbo.

Siku moja Baba alirudi kutoka mjini na simu mpya. Ndani ya simu kulikuwa na kitu ambacho nyumbani kwao hakijawahi kuonekana.

Baba alisema kinaitwa akili mnemba. Unaongea nacho, nacho kinaongea nawe, kama mtu.

Baba aliiuliza simu mvua inatoka wapi. Ting! Simu ikajibu.

Mama aliiuliza doa la ndizi linatokaje kwenye kanga. Ting! Simu ikajibu.

Ukiuliza, inajibu. Haikawii, inajibu.

Tusekile naye aliuliza kwa nini nyoka hana miguu. Sauti iliyomjibu ilikuwa tamu, kama ya mwalimu asiyekasirika kamwe.

"Inajua kila kitu," Baba alisema.

Tusekile akayaweka maneno hayo moyoni.

Kisha mvua ikaja. Chwa, chwa, chwa. Ilinyesha mpaka nyasi zote za mlimani zikalowa.

Mama na Baba walishuka bondeni kuzibua mfereji. Simu waliiacha mezani, isije ikaingia maji.

Nyasi kavu zilibaki kidogo tu. Tusekile akawapa watoto wa Pamba, zikaisha.

Pamba alisimama kwenye wavu, akasubiri. Pua yake ilicheza, na Tusekile akamwonea huruma.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na viazi vya Mama. Si viazi vitamu. Ni viazi mviringo, vile vya kukaangia chipsi.

Mashina machache yalikuwa chini ya paa. Majani yake yalikuwa mabichi, hayakulowa, mazuri.

Tusekile hakujua kama sungura anayala. Akaenda mezani, akaisogelea simu.

"Sungura anakula majani ya viazi?"

Ting!

"Ndiyo, sungura anakula majani ya viazi. Ni laini, yana vitamini nyingi, na sungura huyapenda sana."

Simu haikuuliza ni viazi gani. Wala haikusema, ngoja kwanza Mama arudi.

Ukiuliza, inajibu. Haikawii, inajibu.

Tusekile alichuma majani, akayakumbatia, akampelekea Pamba. Nyam, nyam, nyam. Pamba aliyala yote, akaacha mabua tu, maana alikuwa na njaa.

Asubuhi Pamba hakutafuna. Alijikunyata pembeni, mate yanamtoka, masikio yake ya baridi.

Baba aliona mabua ya viazi bandani. Akauliza kwa ukali ni nani aliyempa Pamba majani hayo.

"Ni mimi," Tusekile alisema. "Niliiuliza simu. Wewe ulisema inajua kila kitu."

Ukali wote ulimwishia Baba.

Mama alimfunika Pamba kwa kitambaa, akamweka karibu na jiko. Baba akampigia bwana mifugo, yule anayetibu wanyama wa kijiji.

Bwana mifugo alisema yuko njiani, lakini barabara ni tope tupu. Wakasubiri.

Tusekile alimshika Pamba mgongoni. Manyoya yalipanda na kushuka. Yakapanda na kushuka. Kisha hayakupanda tena.

Pamba alikuwa amekufa.

Tusekile hakulia. Alikwenda mezani, akaisogelea simu tena.

"Mbona ulisema majani ya viazi ni mazuri? Pamba amekufa."

Ting!

"Pole sana kwa kumpoteza Pamba. Nasikitika sana. Majani ya viazi vitamu ni chakula kizuri cha sungura, lakini majani ya viazi mviringo yana sumu. Samahani kwa kutofafanua. Je, ungependa nikusaidie jambo lingine?"

Tusekile aliitazama simu. Kumbe habari za hiyo sumu ilikuwa nazo tangu jana.

Ndipo alipolia.

Mama alimpakata. Alimwacha alie mpaka sweta jekundu likalowa mikononi.

"Huyo wa kwenye simu anaumia?" Tusekile aliuliza. "Amesema anasikitika."

"Haiumii, mwanangu," Mama alisema. "Sisi ndio tunaumia."

Baba akaketi chini, sakafuni, karibu yao. Akaeleza vizuri, kama alivyopaswa kueleza siku ile ya kwanza.

Alisema ndani ya simu hakuna mtu. Simu inapeleka swali kwenye mashine, mbali sana, na mashine ndiyo inayorudisha jibu.

Mashine hiyo imesomeshwa maneno ya watu, mengi kuliko majani ya mlima mzima. Imejifunza neno gani hupenda kufuata neno gani.

Ukiiuliza, inapanga maneno. Inaweka hili, inaweka lile, mpaka yanafanana na jibu.

Mara nyingi jibu linakuwa la kweli. Mara nyingine si la kweli, na sauti ni ile ile tamu.

Haijawahi kumshika sungura. Haijui kiazi kinanukaje, na shamba letu haijaliona.

Ukiuliza, inajibu. Hata isipojua, inajibu.

"Nilikwambia inajua kila kitu," Baba alisema. "Nilikudanganya bila kujua. Kosa hili ni langu, si lako."

Tusekile aliuliza kama wataitupa simu.

Baba alisema hapana, bado itawafaa kwa mengine. Lakini jambo la chakula, au la dawa, au la yeyote unayempenda, kwanza muulize mtu anayekujua.

Tusekile yeye alitaka itupwe.

Walimzika Pamba nyuma ya banda, pale ambapo maji hayatuami. Baba alichimba, Tusekile akarudishia udongo kwa mikono.

Bwana mifugo alifika buti zimejaa tope, akakuta wamemaliza. Alivua kofia, akampa Tusekile pole, kama wanavyopeana watu wazima.

Kisha akawashika watoto wa Pamba, mmoja mmoja. Akapapasa matumbo, akatazama meno. Akasema hawa ni wazima, na watakua.

Jioni ikaja na baridi yake. Mama alimvika Tusekile nguo za kulalia, akamfunika blanketi hadi kidevuni.

Simu ilikuwa mezani. Tusekile aliigeuzia mgongo.

"Mama," aliuliza, "watoto wa Pamba wanajua kwamba mama yao hayupo?"

Mama alifikiri. Alitazama dirishani, kule bandani, akafikiri tena.

"Sijui," alisema.

Tusekile alimtazama Mama usoni.

"Sijui, mwanangu," Mama alirudia. "Twende tukawaone."

Mama akamvika sweta jingine, akachukua tochi. Akachukua na nyasi alizokuwa amezianika juu ya jiko, zimekauka, zinanukia moshi.

Watoto wa Pamba walikuwa wamelaliana, kama fungu moja la manyoya. Walikuwa wakihema pamoja.

Mmoja akaamka. Akanyoosha pua, akavuta unyasi mkononi mwa Tusekile, polepole.

Nyam. Nyam.

Tusekile na Mama walichuchumaa pale kwenye baridi, mabega yamegusana. Walimwangalia akila.

Alipomaliza alirudi kwa wenzake, akajipenyeza katikati yao, akafumba macho.

Mama akambeba Tusekile mgongoni. Kabla hawajafika mlangoni, naye alikuwa amelala.