Picha Iliyochelewa Kufika Siaya

Kila Ijumaa asubuhi Peninah alipiga pasi sare zake za shule, kisha akashuka ngazi kumpelekea Anko Omondi chai ya maziwa. Anko Omondi alikuwa mlinzi wa jengo lao mtaani Fereej Bin Mahmoud, Doha. Hakuwa ndugu wa damu, lakini ugenini Mkenya ni ndugu.

Mwaka wa 2009, mhadhiri mmoja wa chuo kikuu, Dkt. Virginia, alikuja mtaani na wanafunzi wake kujitolea kwa wiki moja. Waliwapiga wafanyakazi picha na kuwachapishia bure ili wazitume nyumbani. Anko Omondi aliazima koti la baba yake Peninah, akatabasamu hadi wanafunzi wakacheka. Mama yake Anko Omondi alikuwa mgonjwa sana huko Siaya, Kenya. Sauti ya mwanawe aliisikia kwenye simu, ila uso wake hakuwa ameuona kwa miaka minne.

"Mama anataka kuniona tu," alimwambia Peninah, akimkabidhi bahasha yenye picha. "Anti Edith anasafiri leo kwenda Kenya, atampelekea. Mimi siwezi kuacha lango. Mkimbilie, mama, usikawie."

Anti Edith aliishi mtaa huohuo. Lakini njiani Peninah alipitia kwa rafiki yake Tiffany, akakuta katuni tamu kwenye televisheni. Nitatazama kidogo tu, alijiambia. Alipofika kwa Anti Edith, mlango ulikuwa umefungwa. Teksi ya kumpeleka uwanja wa ndege ilikuwa imeondoka zamani.

"Umempata?" Anko Omondi aliuliza.

"Nimempa," Peninah alijibu, bahasha ikiwa ndani ya sweta.

"Mungu akubariki."

Baraka hiyo ilimchoma. Tangu siku hiyo alipita langoni mbiombio, macho chini. Anko Omondi naye alijua Anti Edith angepitia kwao Nakuru kwanza, hivyo kila alipopiga simu alimwambia mama yake avumilie, picha iko njiani.

Jumatano moja Peninah alitoka shuleni akamkuta Anko Omondi ameketi sakafuni, kofia mkononi. Mama yake Peninah alikuwa amemshika bega.

"Mama ametuacha," Anko Omondi alisema. "Mpaka leo asubuhi alikuwa akiuliza picha."

Peninah aliangua kilio. Alipanda ngazi mbio, akarudi na bahasha, akasema yote.

Anko Omondi aliitazama picha kwa muda mrefu. "Kuchelewa si ajabu, Peninah. Lakini ungeniambia jioni ileile, ningempigia Dkt. Virginia. Picha zetu zote ziko kwenye kompyuta yake. Angeituma kwa barua pepe, dada yangu angeichapisha Kisumu, mama angeiona kesho yake."

"Nisamehe, Anko."

"Nimekusamehe," alisema.

Mama yake Peninah alimpigia Dkt. Virginia simu, na picha ikatumwa siku hiyohiyo. Anko Omondi hakupata ruhusa ya kusafiri, kwa hiyo dada yake aliiweka ndani ya jeneza.

Siku ya mazishi Peninah alilia kutwa. Mama yake alimketisha kando yake.

"Mwanangu, kosa likisemwa mapema, watu hulitafutia dawa. Ukilificha, unawanyima hata nafasi ya kujaribu. Anko wako amekusamehe. Lakini mama yake alikufa akiingoja picha uliyokuwa umeificha."