Bolti ya Tatu

Nimesema mara ngapi kwamba habari ya Harlis Tackett si ya kusimuliwa watu wakiwa na chakula mdomoni? Lakini nyinyi mkishashiba maharage yangu na mkate wa mahindi, mnaanza: bibi tusimulie, bibi tutishe. Mkitishika nani atawasindikiza chooni? Haya, kaeni. Atakayenikatiza ataosha sufuria.

Harlis alikuwa mgane wa miaka sitini na tisa, fundi wa kila kitu, bingwa wa nusu saa. Ukimpelekea pampu, "Nusu saa." Ukimpelekea trekta, "Nusu saa." Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake hapa bondeni, na sifa ni mbaya kuliko pombe, maana mlevi akilala hulevuka.

Uani kwake liliegeshwa trela la dada yake Lavada. Trela la kizamani, la bati la rangi ya fedha, umbo lake kama mkate, ndani lina jiko na kitanda. Lavada na mumewe Coy waliuza nyumba yao wapate kulivuta barabarani, wamalizie uzee wao humo wakiiona nchi. Hawakuiona hata kaunti ya pili. Mwezi Machi, siku ya kuondoka, shingo ya trela, yale machuma ya mbele yanayoshikwa na gari, ilimwangukia Coy kifuani akiwa amelala chini yake anafunga nyaya za taa. Jeki inayobeba shingo hiyo alikuwa ameibadilisha Harlis, asubuhi ileile. Harlis alisema bolti ilikatika, na Coy kwa haraka zake alikuwa amelipiga teke gogo lililowekwa chini kuizuia shingo. Watu wakaamini, maana Coy kweli alikuwa mtu wa haraka na mzaha. Wakamzika. Lavada akabaki anaishi peke yake ndani ya trela, uani kwa kaka yake. Hakuwa na kwingine.

Mambo yalianza na yai.

"Kaka Harlis," Lavada alisema asubuhi moja ya Aprili, kasimama mlangoni pa trela na aproni yake, "yai langu limetembea."

"Limetembea kwenda wapi?"

"Nimeliweka mezani, likabingirika mpaka upande wa mbele, likajitupa chini. Trela limeinama. Si uliweka jeki nyingine baada ya msiba? Hebu njoo uangalie."

Harlis akaenda na pimamaji. Kweli, tone la hewa lilikuwa limekimbilia nyuma. Shingo ilikuwa imeshuka upana wa kidole. Akazungusha mpini wa jeki, akaipandisha, akapiga alama ya chaki kwenye mguu wake. Kesho yake alama ilikuwa imemezwa. Akapandisha tena. Keshokutwa vidole viwili. Akafungua jeki nzima, akapaka grisi, akatazama meno ya ndani, mazima kama ya mbwa kijana.

Mzuka mvivu hutoka usiku. Huyu alikuja saa nne asubuhi, jua linawaka, kuku wanaparua. Harlis alikuwa mezani jikoni kwake, Lavada amemletea mikate ya siagi na mchuzi mweupe kama alivyozoea kila siku, ameketi mbele yake anakunywa kahawa. Kutoka uani ikasikika: krii, krii, tak. Krii, krii, tak. Harlis akatazama dirishani. Mpini wa jeki ulikuwa unazunguka wenyewe polepole, kama unaoshikwa na mtu asiye na haraka yoyote, na shingo ya trela inashuka.

Halafu ikaingia harufu. Ugoro wa mnanaa.

"Umeisikia?" Lavada akanong'ona. "Ni Coy huyo. Wiki nzima ananizunguka."

"Ni upepo, dada."

"Upepo unakula ugoro?" Akaweka kikombe chini. Hakulia, Lavada hakuwa mtu wa kulia. "Mpumbavu yule. Kila asubuhi namwambia: ungelitazama gogo, Coy, leo tungekuwa jangwani tunamenya machungwa. Uliniacha bila nyumba kwa ajili ya haraka zako. Hata kaburini hakai akatulia."

"Usimseme marehemu."

"Nitamsema. Alikuwa wangu."

Mkate ukamkwama Harlis kooni, na dada yake akainuka akampiga mgongoni, akamletea maji, akamfuta kidevu kama mtoto. Ndivyo alivyokuwa akila tangu Machi: chakula cha mjane, huku mjane akimtukana maiti kwa kosa ambalo maiti hakulifanya. Mnataka kujua jehanamu ikoje? Ina mchuzi mweupe, na inaletwa moto moto mezani.

Akanunua jeki mpya kabisa. Akaifunga kwa bolti tatu kama inavyotakiwa, akakaza mpaka spana ikalia. Chini ya shingo akaweka gogo la mwaloni, na juu yake lingine. Asubuhi yake magogo yote mawili aliyakuta mlangoni kwake, yamepangwa vizuri, yamefutwa vumbi. Shingo ilikuwa imegusa udongo.

Akapiga magoti kuipandisha, na alipopiga magoti shavu lake likawa karibu na lile giza dogo lililo chini ya machuma, na kutoka humo, kwa sauti ya chini, ya kirafiki, sauti ya mtu aliyeshika nyaya kwa meno, ikamjia:

"Shemeji, gogo lipo?"

Harlis akakimbia. Mzee wa miaka sitini na tisa, kofia huku, spana kule.

Tangu siku hiyo jambo lile likaingia nyumbani kwake. Alikuwa akijinyoosha baada ya chakula cha mchana, pazia limefunguliwa, redio ya jirani inasikika, na mara chini ya sakafu inaanza krii, krii, tak, na kichwa cha kitanda kinashuka upana wa kidole, na kingine, na harufu ya mnanaa inapanda kupitia nyufa za mbao, na kitu kizito kisicho na umbo kinakaa juu ya mbavu zake, baridi kama chuma cha asubuhi, kinakandamiza mpaka pumzi inatoka na nyingine haiji, na sikioni kabisa, bila hasira hata kidogo, lile swali, gogo lipo, shemeji, gogo lipo, mpaka anaanza kuona weusi. Siku ya kwanza uzito ule ulikaa kwa muda wa kuhesabu kumi. Siku ya sita alihesabu mia moja na hamsini, akapoteza hesabu. Alijua yamebaki mambo mawili: ama amwambie dada yake, ampoteze, ama anyamaze na mbavu zivunjike.

Akaenda kwa Ottie Crabb, ng'ambo ya kijito, ajuza aliyezuia damu kwa aya ya Biblia na kutoa moto wa kuungua kwa kupuliza. Ottie akaja na fimbo yake, akalizunguka trela, akanusa kama mbwa.

"Aliyefia hapa ni nani?"

"Shemeji yangu. Alipiga teke gogo."

"Nimekuuliza ni nani, sijakuuliza alipiga nini." Akamtazama. "Umri wako huu na bado unajibu usiloulizwa. Nani mwingine alikuwepo?"

"Mimi."

"Eeh."

"Mtoe tu, bibi. Nitakushukuru mpaka..."

"Chunga mdomo! Ukinishukuru kazi inaharibika, hujui? Hukulelewa?" Ottie akatema mate pembeni. "Sikiliza. Nina neno la damu na nina pumzi ya moto. Dawa ya uongo sina. Huyu hazururi, ameuliza, anangoja jibu. Kalale pale alipolala yeye. Mpini ashike mjane wake."

"Ataniua."

"Labda. Mimi siko ndani ya mkono wake."

Lavada akaitwa. Hakuambiwa chochote ila ashike mpini na aulize anachotaka. Ilikuwa adhuhuri, uani hakuna kivuli cha kujificha. Harlis akalala chali chini ya shingo ya trela, magogo yameondolewa, na aliyeyaondoa ni Ottie mwenyewe. Mara mpini ukaanza kuvuta.

"Unanivuta, kaka," Lavada akasema. "Siuzungushi mimi. Unanivuta mkono."

Krii, krii, tak.

"Lavada. Bolti hazikuwa tatu."

"Unasemaje?"

"Tundu la tatu halikulingana. Lilitaka kutobolewa upya. Coy alikuwa ananicheka, anasema nusu saa yangu imekwisha. Nikafunga bolti mbili. La tatu nikaliziba kwa puti, nikabandika kichwa cha bolti, nikapaka rangi ya fedha."

Chuma kikagusa vifungo vya shati lake.

"Na gogo?" Lavada akauliza. "Alilipiga teke?"

"Nililitoa mimi nipate pa kukalia nikipaka rangi. Aliponiuliza kama lipo, nikamjibu lipo. Sikutazama."

Mpini ukasimama. Kuku wakanyamaza. Lavada alikuwa ameushika kwa mikono miwili, anafikiri. Hapo ndipo Harlis alipoogopa kweli, kwa sababu dada yake hajawahi kuwa mjinga.

"Mimi niliiona bolti iliyokatika," akasema. "Sherifu aliitoa kwenye tundu la tatu, akaniwekea kiganjani. Kama hazikuwa tatu, ile ilitoka wapi?"

Harlis akageuzia uso kwenye gurudumu.

"Harlis, ilitoka wapi?"

Krii.

"Kibandani," Harlis akasema, na machozi yakamwingia masikioni. "Niliikata kwa msumeno. Nikakwangua puti, nikaichomeka, ndipo nikaita watu."

"Na Coy?"

"Alikuwa chini."

"Amekufa?"

Harufu ya mnanaa ikajaa uani mpaka Ottie akaziba pua.

"Alikuwa anapumua," Harlis akasema. "Mpaka nilipomaliza kukata."

Lavada akauachia mpini. Ulikuwa mwepesi, mpini wa kawaida wa chuma, na ile harufu ikakatika palepale kama mtu aliyefunga mlango. Ottie akaokota fimbo yake akaenda zake, hakuna aliyemshukuru. Harlis akabaki chini akingoja apigwe, atukanwe, aitiwe sherifu. Lavada akasema, "Jela wana televisheni," akafunga trela kwenye gari la Coy, akaondoka nalo kabla ya jua kuzama, akahamia kwa binamu yake nyuma ya kilima.

Alichomtoza ni hiki. Jumapili ya kupamba makaburi, Mei ileile, watu wote wa bonde wamekwisha kung'oa majani na kuweka maua, meza zimepangwa kati ya makaburi, vyakula bado vimefunikwa, Lavada alimtuma mchungaji amsimamishe Harlis kichwani pa kaburi la Coy, kofia mkononi, aseme yote. Bolti mbili, puti, gogo, msumeno, pumzi. Kuna waliotapika. Mwaka uliofuata akasimamishwa tena. Na uliofuata. Mwaka wa nne watu walishazoea, wananong'ona, "Afanye upesi, kuku anapoa," na watoto walijua ni neno lipi litakalomfanya akohoe. Akimaliza, Lavada humpakulia sahani, paja la kuku na viazi, humwekea magotini, kisha huenda kuketi kando ya kaburi la mumewe. Hakumsemesha neno hata moja. Mwaka wa saba Harlis alituma habari kwamba ana homa. Lavada akaja na gari, akamvisha buti, akamfunga kamba zake, akampeleka.

Mwaka wa kumi na moja kiharusi kilikuwa kimemlemaza upande mmoja na kumkausha ulimi. Wakamsimamisha, wanaume wawili huku na huku. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Watu wakangoja. Mchuzi ukaganda, nzi wakatua, mchungaji akainuka ili afunge kwa sala.

"Keti, mchungaji," Lavada akasema. Akamgeukia Harlis, na hayo ndiyo maneno pekee aliyowahi kumpa tangu adhuhuri ile: "Bado hujamaliza, kaka."

Tukangoja tena.