Idhini ya Marehemu

Kwanza ilikuwa kikombe. Kipara alikiacha dirishani akaenda chooni. Aliporudi alikikuta mezani, mkono wake umeelekea kushoto, kama kilivyoandikwa.

Maana kilikuwa kimeandikwa. Ofisi ile ilikuwa ya watu wawili, Kipara na mume wa dada yake, na kazi yao ilikuwa kuendesha seva, zile kompyuta za wateja zisizozimwa, kwa faili moja tu. Ndani ya faili unaandika unavyotaka mambo yawe: seva ngapi, programu ipi, toleo lipi. Kuna programu ya ulinzi inayolisoma faili, inatazama hali ilivyo, na kinachopishana na maandishi inakirekebisha yenyewe. Ukigusa seva kwa mkono, inarudishwa ilivyokuwa. Ukifuta mstari, kilichoandikwa kinaondolewa. Na badiliko la mmoja haliingii mpaka mwenzake alisome na kuliidhinisha.

Alisome! Shemeji hakuwahi kusoma kitu. Alibofya huku anatafuna, akisema "sawa", hata wateja wakambandika jina la Bwana Sawa. Kipara naye hakuwa na nafuu. Walikaguana kama vipofu wanaochaguliana kitambaa.

Siku moja Bwana Sawa, kwa utani wa mtu aliyeshiba, akaongeza kwenye faili kikombe, feni, yeye mwenyewe na Kipara. Kipara akapitisha. Ni kitu gani kilikuwa kimejibanza ndani ya programu ile kikingoja kutajiwa watu, hakuna ajuaye, ila kiliitika. Walipoufuta mstari wa feni, feni ilitoweka darini na skrubu zake, dari ikabaki laini kana kwamba haijawahi kutobolewa. Wakacheka, mazuzu wale.

Kisha Bwana Sawa akagongwa na lori. Akazikwa Jumanne. Jumatano asubuhi alikuwa kwenye kiti chake.

"Shemeji, umechelewa," alisema, udongo ukimdondoka sikioni.

Kipara alijikojolea pale pale mlangoni.

Mganga aliyeitwa alinusa mara moja tu, akafunga mkoba wake. "Jini mvunja mkataba namfukuza," alinong'ona. "Huyu anautimiza. Kafuteni wenyewe mlichoandika." Hakudai hata nauli.

Jioni marehemu akarudi nyumbani kwa mkewe, kama mume yeyote atokaye kazini. Dada alimpigia simu Kipara akiwa amejifungia bafuni.

"Kaka, yuko mlangoni. Ananiita kwa lile jina la chumbani. Ananuka, kaka."

"Usifungue, dada."

"Nisifungue mpaka lini? Mtoe! Si wewe uliyempitisha?"

Kulipopambazuka dada alipenya dirishani, akakimbilia kwa shangazi yao.

Kipara akaandika badiliko la kumfuta shemeji. Lakini wa kuliidhinisha ni nani? Ni yule yule shemeji. Basi akauficha mstari huo katikati ya lundo la mistari ya seva, akatuma, akaketi akisubiri.

"Kubwa hili," shemeji akasema. "Lina nini?"

"Seva tu, shemeji. Usafi."

"Basi nipitishie langu kwanza. Dogo. Rangi ya ukurasa wa mteja."

Kipara akamtazama, akamwona funza akipanda taratibu kutoka kwenye kola hadi shavuni bila mwenyewe kujikuna, akaisikia ile harufu ya udongo mbichi na nyama ikimwingia kooni mpaka machozi yakamtoka, akaviona vile vidole vyeusi vikielea juu ya kipanya, na akilini mwake halikuwemo ila jambo moja, kwamba akichelewa kidogo tu maiti huyu anaweza kuingiwa na hamu ya kusoma, hivyo akabofya idhini bila kufungua, kama alivyofanya miaka yote.

"Sawa," akasema shemeji, naye akabofya.

Kiti kikawa kitupu. Hata harufu ikakatika. Kipara akacheka, akalia kwa furaha, akampigia dada yake. Simu haikuita. Akampigia shangazi.

"Shangazi, mpe dada simu. Mwambie ameondoka."

"Alikuwa hapa ananisuka," shangazi akanong'ona. "Nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado. Kitana kimeanguka. Sikusikia mlango, mwanangu. Sikusikia hata mguu."

Ndipo Kipara akalifungua badiliko la shemeji na kulisoma. Halikuwa na rangi yoyote. Lilikuwa mstari mmoja, umewekwa chini ya jina la marehemu: mke wangu. Alitaka kila mkewe akitoroka arudishwe kwake. Na cha juu kikifutwa, vilivyo chini yake hufutwa pamoja nacho. Hilo Kipara alilijua tangu siku yake ya kwanza kazini.

Akamwandika dada upya, peke yake, akatuma. Skrini ikamjibu kwamba badiliko linasubiri mtu wa pili. Akaandika kumrudisha shemeji, aje aidhinishe. Nalo linasubiri mtu wa pili.

Yanasubiri hadi leo, na mstari wa Kipara mwenyewe bado umo kwenye faili. Shangazi ameshamzika Kipara mara mbili. Kila mara, kesho yake asubuhi yuko kitini, anatuma tena.