Jogoo Aliyejitangazia Kifo

Ndugu zangu, ziko nyumba ambazo asubuhi yake ilikuwa tamu kuliko sherehe za watu wengine. Nyumba ya yule mtangazaji tuliyemwita Jogoo ilikuwa mojawapo. Mkewe aliamka kabla ya mapambazuko, akampigia shati pasi, akamchemshia tangawizi ya kulainisha koo, kisha akamsindikiza mpaka mlangoni. Akirudi ndani aliwasha redio juu ya kabati la vyombo, akafagia huku akimsikiliza mumewe akiuamsha mji. Alipenda kusema kwamba yeye ndiye mke pekee anayezungumzishwa na mumewe hata akiwa kazini, hasara yake ni kwamba hawezi kumjibu.

Kijijini, mama yake Jogoo naye aliwasha ya kwake. Bi mkubwa huyo alikuwa mkunga, na nusu ya watu wa vijiji vile walipita mikononi mwake kabla ya kupita mikononi mwa mama zao. Wengi walikwisha kutawanyika, wengine hata hakujua wanaishi wapi, lakini wote aliwaita wanangu. Yule wa tumboni mwake hakuwa na haja ya kumpigia simu. Akisikia tu, "Amkeni, jua halimngoji mtu," alijua mwanawe ni mzima, akaendelea na shughuli zake.

Jogoo alisoma salamu, akatangaza watoto waliopotea, akasoma na matangazo ya vifo. Katika hayo ya vifo alikuwa na utaratibu wake. Mtu akipiga simu kuleta habari ya msiba, Jogoo aliomba namba ya ndugu mwingine, akampigia mwenyewe wakati wimbo unaendelea, akauliza marehemu ni nani na anazikwa wapi. Maneno yakilingana, alisoma. Yasipolingana, aliyaacha. Wenye chuki wapo, na wenye utani wa kijinga hawajaisha duniani. Utaratibu huo haukuandikwa mahali popote, ulikaa kichwani mwake, na kwa miaka yote ile hakuna mtu aliyezikwa redioni akiwa hai.

Kisha kituo kikapata wenyewe wapya, na wenyewe wapya wakaleta mkurugenzi mpya, kijana aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Asubuhi moja Jogoo alimaliza kipindi, akawaambia wasikilizaji kama kawaida, "Tukutane kesho," akavua vipokea sauti masikioni, akaitwa juu ofisini kwa mkurugenzi. Aliambiwa kwamba wasikilizaji siku hizi ni vijana, kwamba yeye na wakongwe wenzake wamefanya kazi nzuri, na kwamba kazi hiyo imekwisha leo. Jogoo hakubishana. Aliomba kitu kimoja tu, arudi studio dakika chache awaage watu wake, maana amewaahidi kesho.

Mkurugenzi akatabasamu. Vituo havipendi mtu aliyefukuzwa akaribie kipaza sauti, hilo linajulikana. Lakini angeweza kukataa kiungwana.

"Mzee wangu," alisema, "si wewe ndiye Jogoo? Wahenga walishakujibu. Awike jogoo asiwike, kutakucha."

Pale getini mlinzi alimvua kitambulisho, mlinzi yuleyule ambaye Jogoo alimsomea salamu siku ya harusi yake. Alimvua huku akitazama chini. Nami nasema bila kupepesa macho, ule ulikuwa unyama. Mtu ameuamsha mji mpaka mvi zimemwota, halafu anatolewa kama maji ya kuoshea vyombo. Kama hadithi ingeishia hapa, ningekuwa upande wake mpaka leo.

Haikuishia hapa. Jogoo alianza kulea chuki kama watu wanavyolea mtoto mchanga. Aliilisha asubuhi kwa kusikiliza kipindi chake kikiendeshwa na binti mgeni, akailisha mchana kwa kulirudia neno lile la mkurugenzi. Mkewe alimsihi aachane nayo. Kituo kingine cha hapo mjini kilikwisha kumwita, meneja wake akamwambia asubiri kidogo tu, kiti chake kinaandaliwa. Mke alifurahi mpaka akanunua pasi mpya. Jogoo aliitikia, lakini moyo wake haukuwa kwenye kiti kipya, ulikuwa kwenye kile cha zamani.

Mama yake, Jogoo alimdanganya. Alimwambia yuko likizo, kwa kuwa hakutaka mkunga aliyesifika ajue kwamba mwanawe kafukuzwa. Bi mkubwa akamjibu kwamba basi redio ameizima, huyo binti anacheka mno, amwambie siku atakayorudi kazini. Jogoo akaamini.

Siku moja yule binti alimpigia simu, sauti yake ikiwa ya unyenyekevu.

"Shikamoo, baba. Samahani kwa usumbufu. Watu wananiletea habari za misiba na sijui nizipokeeje. Wewe ulikuwa unafanyaje?"

Hapo ndipo mlango wa heri ulipokuwa wazi, ndugu zangu. Angeweza kumpa yule mtoto wa watu utaratibu wake, naye angebaki mwalimu hata baada ya kunyang'anywa kiti.

"Wewe soma tu, mwanangu," alisema Jogoo. "Nani atasingizia kifo?"

Binti akashukuru sana. Jogoo akaweka simu mezani na kuchekelea, kwa maana sasa alijua mlango usio na komeo uko wapi.

Enzi za ujana wake aliwahi kuigiza michezo ya redio, mchezo mmoja sauti sita, zote zake. Basi mkewe alipotoka kwenda sokoni asubuhi, alijibana koo, akapiga simu ya kituo, akawa mzee wa kijijini mwenye kikohozi, kaka wa marehemu. Alimwambia binti kwamba Jogoo amefariki, amekufa kwa uchungu, tangu afukuzwe bila kuaga hakula wala hakulala, na neno lake la mwisho lilikuwa jina la mkurugenzi. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele ya redio kungoja kifo chake.

Binti alisoma huku analia. Naapa, hata mimi nililia.

Mji ukawaka. Simu zikamiminika, wasikilizaji wakamlaani mkurugenzi hewani, wanawake waliowahi kupata watoto wao waliopotea kwa sauti ya Jogoo wakamwita muuaji. Watu wakajaa getini, mkurugenzi akatorokea mlango wa nyuma akiwa ameiacha miwani yake. Kabla ya saa sita wadhamini wakubwa walikuwa wamejitoa, mmoja baada ya mwingine. Jogoo alisikia yote, akapiga meza kwa furaha, akasema peke yake, "Sasa kumekucha." Kisasi ni kitamu, asikudanganye mtu. Utamu wake ndio mtego wenyewe.

Mkewe aliingia mbio, kiatu kimoja mguuni. Habari ilimkuta sokoni. Alimkuta mumewe amekaa na kikombe cha chai mkononi.

"Umefanya nini?"

"Nimemlipa."

"Na mama?"

"Mama alizima redio. Aliniambia mwenyewe."

"Mama azime redio aliyozoea kukusikia wewe? Anaiwasha kila siku, baba watoto. Anaogopa usije ukarudi yeye hajui. Alinikataza nisikwambie, usione anakusumbua."

Jogoo akaiweka chai chini, akatafuta namba ya mama yake. Alipiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Alipiga tena na tena. Mwishowe ikapokelewa na jirani, aliyesikia ile sauti, akapiga kelele na kukata, akidhani anazungumza na mzimu. Bi mkubwa alikuwa njiani, amepakiwa nyuma ya gari la kubebea mizigo.

Alifika mchana, ameshikwa na wanawake wawili, sauti imemkauka kwa kilio. Uani palikuwa pamejaa waombolezaji waliokwisha kugeuka watazamaji, maana walikwisha kujua aliyepiga simu ile ni nani. Jogoo alisimama katikati yao, mzima, hajui aweke wapi mikono. Mama yake alimpapasa uso, masikio, shingo, kama alivyozoea kukagua vichanga vya watu. Alipohakikisha kwamba anapumua, akarudi nyuma hatua moja.

"Nimekulilia njia nzima," alisema kwa sauti ya mkwaruzo. "Nimekulilia mpaka machozi yamekwisha. Siku yako ikifika kweli, mwanangu, nitakulilia kwa kitu gani?"

Alilala kwa jirani, na asubuhi akarudi kijijini. Redio yake akaigawa.

Mkurugenzi alifukuzwa wiki ileile, naye hakupewa nafasi ya kuaga. Sikumsikitikia hata kidogo, mtanisamehe. Lakini mtazameni na mshindi. Yule meneja wa kituo cha pili alimwambia Jogoo kwa upole kwamba walitaka sauti inayoaminika, na hiyo hana tena. Ile pasi mpya ikabaki ndani ya boksi. Na yule binti, aliyelaumiwa na kila mtu na kuponea chupuchupu kufukuzwa, akajitungia utaratibu wake wa kuhakikisha misiba, mkali kuliko ule ambao Jogoo alimnyima.

Bi mkubwa hakuwa mzima tena baada ya safari ile. Shinikizo la damu lilimpanda na halikushuka, na kabla mwaka haujaisha akafariki. Jogoo aliwapigia jamaa. Wengine walikuja, wengine walicheka simuni wakamuuliza, "Leo unamuua nani tena?" Lakini wale watoto wa mikononi mwa mkunga, waliotapakaa kila mahali, hakuna aliyekuwa na namba zao. Wangepatikana kwa redio tu. Basi akapiga pale alipofanya kazi maisha yake yote. Akapokea yule binti.

"Mama yangu amefariki," alisema. Safari hii hakubadili sauti.

"Pole, baba. Nitahitaji barua ya serikali ya kijiji, yenye muhuri."

"Anazikwa leo, mwanangu. Ofisi imefungwa. Mpigie mke wangu, mpigie yeyote."

"Wengine nawapigia ndugu zao. Wewe jina lako limebandikwa ukutani humu ndani. Samahani, baba. Uliniambia hakuna anayesingizia kifo."

Mkunga aliyewapokea mamia alizikwa na watu wasiojaza hata uwanja wa nyumba yake. Tangazo lilisomwa baada ya maziko, barua ilipofika. Binti alilisoma vizuri, taratibu, bila kukosea jina hata moja. Jogoo alilisikiliza akiwa amekaa kwenye kiti kilekile alichokalia siku alipofurahia kifo chake.

FUNZO

Enyi mnaoajiri, mtu aliyewatumikia mwacheni aage. Kwaheri haina gharama, na mnayemtoa kwa dharau mnamwachia moto mkononi.

Nawe uliyedhulumiwa, sikuambii usikasirike. Kasirika, lia, dai haki yako mbele za watu. Lakini usikichafue kile kilichokufanya uaminike ili umwadhibu aliyekunyang'anya kazi. Kazi ilikuwa yao, nao wakaichukua. Uaminifu ulikuwa wako, na ukiutupa hakuna atakayekurudishia. Jogoo alitaka mji mzima umlilie akiwa hai, akapata alichotaka. Gharama yake aliilipa mama yake.