Mtaa Uliosema Homa

Kila asubuhi Mama Chai aliwasha jiko nje ya mlango wake. Alipanga vikombe mezani na kuweka ndoo ya kusuuzia chini ya meza. Mafundi wa gereji ya ng'ambo ya barabara walikuja kunywa kabla hawajashika spana. Pembeni alikaa mumewe, fundi viatu, akigonga soli na kupiga soga.

Mama mkwe wake, Bibi, alikaa ndani na mjukuu wake wa kike wa miaka minne. Alimwita "mke mwenzangu," na kutwa waligombania kiti kimoja.

Jumatatu moja mtoto hakugombania kiti. Alilala kwenye mkeka. Alikuwa anaharisha tangu Jumamosi.

Siku hiyo alipita mhudumu wa afya wa mtaa. Kazi yake ni kwenda nyumba hadi nyumba na kuandika majibu ya watu kwenye simu. Watu walimpa jina la Dada Maswali.

"Habari za hapa? Nani anaumwa wiki hii?"

Wateja watatu walikuwa mezani. Mama Chai aliwatupia jicho.

"Mtoto ana homa kidogo tu, dada."

"Anaharisha? Anatapika?"

"Aka! Homa tu."

Dada Maswali akaandika homa, akaenda zake. Tusimcheke Mama Chai. Nani atakunywa chai penye mtoto anayeharisha? Meza ile ndiyo iliyowalisha wote watano, pamoja na mtoto mkubwa aliyekuwa shuleni.

Jumatano wakaja watu wa kupulizia dawa ya mbu. Dada Maswali aliwatangulia. Mama Chai akawapa chai. Mara Bibi akatoka ndani, mikono kiunoni.

"Mbu wamewakosea nini nyinyi? Mjukuu wangu anaharisha, leo siku ya tano! Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kuumbuliwa sitaki!"

Dada Maswali aliingia ndani haraka. Macho ya mtoto yalikuwa yamebonyea. Midomo ilikuwa mikavu. Alilia, lakini machozi hayakutoka.

"Maji yamemwishia mwilini," alisema. "Nipe lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa."

Akatia humo pakiti ya dawa ya chumvi na sukari, akakoroga.

"Mpe kijiko kimoja kimoja. Akitapika, ngoja dakika kumi, halafu anza tena. Na twende zahanati sasa hivi. Mtoto wa hivi hasubiriwi."

Zahanati walimpa vidonge vya zinki, wakaendelea kumnywesha ile dawa. Jioni macho yalianza kurudi. Mama Chai alikaa kwenye benchi. Alikuwa na hofu kubwa, na aibu pia.

"Unajua kwa nini watu wa mbu walikuja?" Dada Maswali alimuuliza kwa upole.

"Si wametumwa na wakubwa wao?"

"Wewe na jirani zako ndio mliowaita."

"Mimi?"

"Majibu ninayoandika yanakwenda kwenye kompyuta ya ofisi ya afya. Ina akili bandia, wengine huiita akili mnemba. Ni programu iliyofundishwa kwa taarifa nyingi za magonjwa. Inasoma majibu ya mitaa yote, inaona ugonjwa gani unaongezeka na wapi. Mimi nikisoma nyumba mia tano nitachoka. Yenyewe haichoki. Wiki hii iliona nyumba kumi na nne za mtaa wetu zina homa. Ikasema huenda ni malaria."

"Kumbe ni jinga!"

"Si jinga, lakini haina macho wala pua. Inajua tulichoiambia tu. Tukiidanganya, nayo itatudanganya, tena kwa heshima zote."

Mama Chai akacheka kidogo, kisha akasogea karibu naye.

"Nikisema kweli, jina langu litatangazwa?"

"Hapana. Ramani inaonyesha eneo, si jina. Majina tunayaona mimi na muuguzi, na hatuyatoi."

"Na chai yangu?"

"Chai imechemka, haina neno. Vikombe unavisuuza na maji gani?"

"Ya bomba, bila kuchemsha," alijibu. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

Alhamisi jiko halikuwashwa. Mafundi walifika, wakakuta meza tupu.

"Leo hakuna chai," Mama Chai alisema. "Mwanangu anaharisha, siku ya sita sasa. Nilisema homa. Nilisema uongo. Na vikombe vyenu nimevisuuza kwa maji ya bomba."

Watu walitazama chini. Kisha fundi mkubwa wa gereji, pande la mtu, akakohoa.

"Hata mimi naharisha. Tangu Ijumaa. Nilisema homa."

"Wanangu wawili pia," alisema jirani aliyekuwa akipita na ndoo.

"Ala! Kumbe mtaa mzima tuna homa ya choo!" mtu akasema, na kicheko kikapasuka.

Asubuhi hiyo Dada Maswali alisikia habari, akarudi kila nyumba na kusahihisha majibu, maana sasa watu walisema kweli. Kesho yake ramani ya kompyuta ilikuwa imebadilika. Nyumba zote zenye kuharisha zilikuwa upande wa bomba moja. Upande wa pili, wenye bomba jingine, walikuwa wazima.

"Kompyuta haijasema bomba limepasuka," Dada Maswali aliwaeleza. "Imesema tuanzie hapa. Kupima ni kazi ya watu."

Wataalamu wa maji walipima, wakakuta uchafu wa choo. Walichimba nyuma ya gereji. Bomba lilikuwa limepasuka ndani ya mtaro wa maji machafu. Walilitengeneza kwa siku mbili. Wakati huo kila nyumba ilichemsha maji ya kunywa na ya kuoshea vyombo. Mtoto alipona, akaanza kuomba chai yenye sukari nyingi. Wateja walirudi wote.

Wiki iliyofuata Dada Maswali alipita tena.

"Watu wa maji wanataka kujua bomba lilipasuka lini. Kuna mtaa mwingine mbele unaotumia maji hayo. Nani aliugua wa kwanza hapa?"

Fundi viatu akaweka nyundo chini.

"Mimi," alisema. "Jumatano. Siku tatu kabla ya mtoto."

Mama Chai akageuka. "Mbona hukuniambia, baba?"

"Niliona haya. Mwanaume mzima nakimbilia choo. Nikasema litapita."

"Ungesema, maji tungeyachemsha siku ile ile. Mtoto asingeugua."

"Najua, mama watoto. Najua." Machozi yalimlengalenga.

Mama Chai alitaka kumfokea. Lakini aibu ile aliijua, nusura imuulie mtoto. Akavuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Haya, mwambie dada," alisema. "Siku gani, mara ngapi. Usipunguze hata moja."

Fundi viatu akasema yote, mbele ya wateja, na Dada Maswali akaandika.