Nyasi Chini, Udongo Juu

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Marsiana alimwamkia bibi yake, kisha akaenda kumwagilia miche ya zinia iliyooteshwa kwenye beseni bovu. Ilikuwa imekwisha chomoza majani manne manne. Ukutani, nyumbani kwao Kizwite, makopo ya rangi na madumu yaliyokatwa shingo yalisubiri kuipokea, yametobolewa kwa msumari chini ili maji yasituame.

Zinia huchanua na kufa mwaka uleule. Kila mwaka Bibi Luciana alikusanya mbegu akapanda upya, kwa ajili ya kaburi la mumewe, Mzee Mboje. Mbegu za kwanza aliletewa na mzee mwenyewe, mfukoni, aliporudi kutoka kuchimba barabara ya kuteremka Mtowisa. Yeye na wenzake waliichimba kwa sururu, wakipasua mwamba mpaka viganja vikatoka damu. Siku ya kuifungua, waheshimiwa walikata utepe na kupiga picha. Wachimbaji walisukumwa nyuma ya kamba. Majina yao hayakuandikwa popote. Bibi hakulisahau hilo, na hakuwa na mpango wa kulisahau.

"Msalaba wake umeliwa na mchwa, na saruji hatuna," alikuwa akisema. "Maua haya ndiyo yanayosema kuwa pale amelala mtu."

Mwaka huu bibi aliteleza akaumia nyonga. Kazi ikamwangukia Marsiana.

"Nenda shambani, ufukue ntumba, lile tuta la msimu uliopita," bibi alimwagiza. "Nyasi tulizofukia zimekwisha oza. Udongo wake ni mweusi, laini. Jaza makopo yote, halafu tupande. Na mbegu nimezimwaga zote, sina akiba."

Marsiana alienda na rafiki yake Kristiana. Shamba lilikuwa ng'ambo ya kijito, na ndoo ya udongo si ndoo ya maji, inakandamiza shingo. Walileta ndoo moja, ikajaza kopo moja. Kutoka uwanjani zikasikika kelele za wenzao wanaocheza rede.

"Mshikaji, tutabeba udongo mpaka Krismasi?" Kristiana alisema. "Kata majani hapo mtaroni, shindilia, weka udongo juu. Kwani ntumba ni nini? Si nyasi chini, udongo juu?"

Marsiana alicheka. Kweli, ntumba ndivyo ilivyo. Wakashindilia majani mabichi kwenye makopo yote yaliyobaki, wakatandaza juu yake udongo wa uani, wakapanda miche, wakakimbilia rede.

Jioni bibi aliuliza, "Udongo wa wapi huu?"

"Wa ntumba, bibi."

Kwa siku chache miche ilisimama vizuri. Kisha majani yale yakaanza kuchacha. Ukitia kidole koponi unahisi joto. Udongo ukadidimia, mizizi ikabaki inaning'inia, miche ikageuka manjano. Marsiana aliongeza maji, ikaoza. Kopo moja tu, lile la ndoo ya kwanza, lilinawiri.

Bibi alijikokota mpaka mlangoni, akayatazama makopo.

"Mbegu zangu zimechoka," alisema taratibu. "Au nilizianika vibaya. Macho haya hayaoni tena."

Marsiana aliinama, akaanza kung'oa miche iliyooza.

Siku ya kuwaombea marehemu ilipofika, lilikuwa limechanua ua moja tu, jekundu.

"Tulikate, bibi?"

"Tukilikata, mbegu zimekwisha duniani. Tukilipeleka na kopo lake, mbuzi wa makaburini watalila. Liache likaukie kwenye shina."

Wakaenda mikono mitupu, bibi akiegemea fimbo na bega la Marsiana. Kaburi la babu lilikuwa kati ya makaburi mawili ya vigae, moja la mheshimiwa aliyewahi kukata utepe. Mvua zilikuwa zimelisawazisha. Walipokuwa wakipiga ishara ya msalaba, mwanamume mwenye viatu vinavyong'aa alipita na shada lake la plastiki, akakanyaga katikati.

"Baba, umesimama juu ya mtu!" bibi alifoka.

Mwanamume aliruka pembeni. "Samahani sana, mama. Nilidhani ni njia."

Bibi aliinama kwa shida, akaanza kufuta alama za viatu kwa kiganja. Marsiana akapiga magoti kando yake, machozi yakidondokea udongo uleule.

"Bibi, mbegu hazikuchoka. Ni mimi. Nilishindilia majani mabichi, nikakudanganya."

Mkono wa bibi ulisimama, kisha ukaendelea kufuta. Walipofika nyumbani, bibi alikaa kwenye kigoda, akaelekeza fimbo kwenye makopo.

"Mwaga yote hapo uani, ila lile la ua. Juu yake weka nyasi, kisha udongo. Hiyo ndiyo itakuwa ntumba yako, na utaiacha mpaka mwakani."

Marsiana alimwaga kopo baada ya kopo. Kristiana aliyekuja kumwita rede alisimama kidogo, akaona aibu, akashika jembe.

"Mlikuwa sahihi, nyasi chini, udongo juu," bibi alisema. "Mlichoiba ni muda wa kuoza. Na wewe, Marsiana, uliniacha niyalaumu macho yangu, ukanyamaza. Hilo limeniuma kuliko maua. Sikilizeni, wanangu. Kazi ukiikwepa haiondoki, kuna mtu ataibeba. Ndoo ulizokataa kubeba kichwani, leo babu yako amezibeba kifuani, chini ya kiatu cha mtu."

Zinia ile ilikauka vizuri, mbegu zikafungwa kwenye kitambaa. Ila kaburi lilibaki bila ua mwaka mzima. Jumapili baada ya misa Marsiana alilizungushia mawe, moja moja, aliyoyabeba mwenyewe kichwani.